Mama Mto na Ngazi ya Kinu

Mke wangu walimwita Mama Mto. Mto wenyewe mfupi. Ukitoka chemchemi baada ya chai ya asubuhi, unafika ziwani kabla jua halijawa la utosi. Lakini kingo zake zimejaa mambo ya watu wa kale: birika la mawe pale chemchemi, kinu kilichosaga nafaka kwa nguvu ya maji, daraja la matao, na nyumba ya ushuru iliyobaki kuta. Yeye ndiye aliyetembeza wageni. Alianza hatujapata mtoto, akaendelea mpaka tuna wajukuu.

Alikuwa na maneno yule. Mimi sina. Mimi ni fundi viatu.

Alipofariki, ofisi ya mambo ya kale ikatia kufuli kwenye kinu. Bibi wa ofisi akaja kunipa pole. Akasema wasipopata wa kutembeza, njia nzima itafungwa, maana wageni wakiachwa peke yao wanang'oa mawe.

Nikaona kama wanamzika tena. Nikasema, "Nitawatembeza mimi."

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alikuwa jikoni. Akacheka mpaka akashika mlango. "Wewe? Salamu yenyewe unaitoa kwa mkopo! Utawatembeza kwa kukohoa?"

"Nitakohoa."

Bibi wa ofisi akakubali kunijaribu. Akaja na wageni.

Pale chemchemi nikasema, "Hili birika." Basi. Jasho likanitoka.

Mama mmoja mwenye mkongojo akauliza, "Baba, lilijengwa lini?"

"Zamani."

"Zamani gani?"

"Zamani sana."

Wakacheka. Shemeji, aliyekuja kushuhudia aibu yangu, akatazama chini.

Kinuni, bibi wa ofisi alipofungua kufuli, nikaona ngazi zilivyolika, ulimi ukafunguka. Nikawaambia viatu vya marehemu nilivitia soli mimi. Cha kulia kililika kisigino upande wa nje, miaka yote, nikidhani ana mwendo mbaya. Kumbe ni hapa. Ngazi ya juu imelala upande. Akisimama kuwageukia wageni, uzito wote unaenda kulia. Nikasimama alipokuwa anasimama.

"Pandeni na nyinyi," nikasema. "Wabeba magunia walikanyaga hapa hapa. Mguu utawaambia."

Mama wa mkongojo akapanda, akafumba macho. "Kweli, inakuvuta." Akagoma kushuka.

"Mama, na sisi tumekuja!" wenzake wakalalamika.

Darajani nikasema kidogo. Nyumba ya ushuru nikaipita kabisa.

"Rudi!" shemeji akapiga kelele. "Umeruka nyumba ya watu!" Akaieleza yeye, nani alilipa nini na kwa nini paa liliungua, kwa sauti ileile ya dada yake. Ikabidi nigeuke nitazame maji.

Tulipomaliza, bibi wa ofisi akaniambia, "Mzee, ya kale huyajui."

"Siyajui."

"Huyu anayajua."

"Mimi nilikuja kucheka tu," shemeji akasema.

"Basi njooni wote wawili Jumatatu." Akatoa ufunguo wa kinu.

Shemeji akauwahi. "Huyu ataupoteza. Na wewe shemeji, ukishasema 'zamani', nyamaza, naendelea mimi."

"Sawa."

Sasa kinu kiko wazi. Tunagombana njia nzima, na wageni wanapenda.