Kumpokea Maganga Lindo

Siku ya kwanza kazini nilikwenda na nyundo, nikidhani naitwa kuziba paa. Nilikuwa fundi bati pale Gongoni, kazi niliyoirithi kwa baba, na Bwana Utamaduni wa mkoa aliniagiza niende ukumbini na bati zima. Nilipofika hakunionyesha paa lolote. Aliniambia nilishike bati ncha mbili, nilitikise. Ukumbi ukanguruma, na mama aliyekuwa akifagia akatupa ufagio akakimbilia nje.

"Basi," akasema Bwana Utamaduni, "hicho ndicho chombo chetu cha kwendea nyotani. Umepata kazi."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mpiga vishindo wa kikundi cha maigizo. Vijana wa leo sauti zote mnazitoa kwenye mashine. Sisi upepo tuliutoa kwa gurudumu la baiskeli linalosuguana na turubai. Mwendo wa jeshi niliutoa kwa sanduku la changarawe, nalo lina ufundi wake: unalitikisa kwa kiwiko, si kwa kiganja, la sivyo askari wako watasikika kama kuku wanaochakura. Kazi yote hiyo unaifanya nyuma ya pazia, na ukiifanya vizuri hakuna anayekumbuka kwamba upo.

Uhuru ulikuwa bado mbichi na vijiji vya ujamaa vilikuwa vinaanza. Kila kikundi kiliigiza jembe. Mwalimu wetu wa Maigizo, binti wa mchungaji, sauti ndogo na kichwa kigumu, akaandika igizo la askari watatu wa miaka ijayo wanaotumwa kulinda kijiji chetu kilichoko nyotani. Kwa Kamanda, jeshi lilikuwa bendera. Kwa Mpishi lilikuwa viatu na chakula cha uhakika. Kwa Mlinzi lilikuwa jambo moja tu: kusimama mpaka aje mwenzako akupokee. Kule nyotani miaka inakwenda polepole, kwa hiyo anasimama miaka mia bila kuzeeka, duniani wamemsahau. Mwishoni anakuja askari kijana kumpokea, naye Mlinzi anashuka, anaketi, anaomba maji.

Mlinzi alikuwa Mzee Maganga, mkulima aliyepigana Burma enzi za Waingereza. Mkewe, Mama Shija, ndiye aliyetupikia safarini. Siku ya mazoezi Maganga aliuliza swali moja tu.

"Mwalimu, huyo wa kunipokea yupo?"

"Yupo, baba. Na maneno yake yapo."

"Basi nitasimama."

Tulianzia kijiji cha Choma, na watu walilia. Baada ya hapo Katibu wa chama aliyesafiri nasi akatuita pembeni. Hakuwa mtu mbaya, na bila yeye tusingepata petroli, ila alipenda kurekebisha.

"Taifa gani hilo linamsahau askari wake miaka mia?" akafoka. "Toeni hiyo sehemu. Waingie wakulima na mavuno yao, waimbe, tufunge."

Mwalimu alibisha mpaka sauti ikamkauka, akashindwa. Yule kijana wa kumpokea Mlinzi akaachwa mjini tulipopita, kwa kuwa hakuwa na kazi tena. Maganga alipoelezwa alijibu, "Ndiyo, afande." Tukadhani ameelewa.

Kijijini Kwihara walitujengea jukwaa la miti na mbao, limeelekea njia ya zamani ya misafara, ile waliyopita wapagazi na pembe za ndovu, na watumwa pia. Tulianza saa tisa, jua kali. Wakulima waliingia na mavuno, wakaimba, watu wakapiga makofi, wakaanza kutawanyika. Maganga alibaki juu, bunduki ya mbao begani, anatazama njia.

Watu walicheka. Kisha wakaacha kucheka.

"Mzee Maganga, igizo limekwisha!" Katibu akaita.

"Simama hapo! Neno la siri?"

Katibu alicheka peke yake, akapanda kumshika mkono. Ncha ya ile bunduki ikasimama kooni mwake, wala haikutetemeka. Alishuka kinyumenyume.

Mama Shija akajaribu. "Baba Shija, twende nyumbani." Machozi yalimtiririka mzee yule, lakini shingo haikugeuka. Ndipo mama akanikamata shati.

"Rama, mwanangu, huyu aliporudi vitani alisimama mlangoni mwangu msimu mzima, hali chakula mpaka nimlishe. Nilimrudisha kwa taabu. Nikimpoteza tena sina nguvu za kumtafuta."

Maneno ya kupokea lindo niliyajua, kwa sababu nilikuwa nikiyasikia kila siku nyuma ya pazia. Nikapanda, nikasimama mbele yake kama askari.

"Nimekuja kupokea lindo."

Alinitazama juu mpaka chini. Kisha akanipa maagizo, kama desturi ya mlinzi anayeondoka, na hayo hayakuwemo kwenye igizo.

"Lindo ni salama. Tangu mchana wanapita watu, wamejitwika mizigo. Wengi. Neno la siri hawana. Usiwaulize kitu, waache wapite, wamechoka."

Akanikabidhi bunduki, akashuka, akaketi chini, akaomba maji. Mama Shija alimnywesha kwa mikono yake mwenyewe, akampeleka kwenye lori.

Nami nilitakiwa kushuka. Sikuweza, maana sasa lindo lilikuwa langu. Njia ilikuwa nyeupe kwa jua, tupu, hata vumbi halikutimka. Lakini nilisikia miguu juu ya changarawe. Miguu mingi, ya watu waliolemewa, na mimi sauti ndiyo kazi yangu, sikosei. Sanduku langu la changarawe lilikuwa kwenye lori, limefungwa kamba. Niliogopa, tena sana, na pamoja na woga nikashikwa na huruma nisiyojua ni ya nani.

Dereva akapiga honi. Hapo miguu ya mtu mmoja ikaachana na mingine, ikaja nyuma yangu, ikapanda ngazi, ikasimama. Sikugeuka. Nikasema upesi, "Lindo ni salama, lipokee," nikainyoosha bunduki pembeni, nikaiachia, nikaruka chini. Sikuisikia ikianguka.

Igizo lile hatukulirudia. Niliendelea na kazi chini ya Mabwana Utamaduni wengine, mmoja mpenda ngoma, mwingine mpenda hotuba, mpaka nikastaafu. Wakati wa kuagwa waliniuliza ni sauti gani iliyonishinda kuitengeneza. Niliwajibu kwamba ni ya mtu aliyesimama kimya, wakadhani natania.

Wiki ile ile nilikwenda kumsalimu Mzee Maganga. Nilimkuta uani na mkewe wanapukuchua mahindi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Rama. Nimesikia umestaafu. Hebu niambie, kule Kwihara nani alikupokea?"

Miaka yote hiyo hakuwahi kuuliza. Nikamweleza kila kitu, pamoja na bunduki.

"Ulimpa maagizo?"

"Nilimwambia lindo ni salama."

"Hukumwambia asiwaulize?"

"Sikumwambia, mzee."

Aliweka gunzi chini. "Basi anawauliza neno la siri. Na hawana. Wamesimama na mizigo kichwani tangu siku ile." Akainuka kwa kushika ukuta. "Mama Shija, kofia yangu."

Mama Shija alimletea, kwa maana hakujua kumkatalia, lakini macho yake yote yalikuwa kwangu. Nilimwona upya kama siku ile aliponikamata shati.

"Kaa, mzee," nikasema. "Zamu ni yangu."

Nilipanda baiskeli mchana ule ule. Pale palipokuwa na jukwaa pamelimwa karanga. Nilisimama kando ya tuta, najiona mpumbavu, nikasema kwa sauti ya kawaida, "Ndugu, usiwaulize kitu. Waache wapite. Wamechoka."

Kwanza hakukuwa na kitu. Kisha nikasikia pumzi ya mtu anayejiweka sawa chini ya mzigo, na ya pili, na nyingine nyuma yake mbali sana, halafu miguu. Nilivua kofia, nikangoja mpaka nikaona nimekaa vya kutosha.

Niliporudi, Maganga alikuwa ameketi pale pale, kofia mapajani, mahindi hayajaguswa.

"Wanapita," nikamwambia.

Akamrudishia mkewe kofia.