Shimo la Upande wa Mfongo

Choo cha ndani kilikuja na nyumba aliyonijengea mwanangu, na mimi ndiye niliyekitangaza Mwika nzima. Usinicheke. Nimechuchumaa kwenye choo cha magogo tangu nilipoolewa, mvua ikinipiga mgongoni, halafu leo mtu niliyemzaa mwenyewe ananijengea vyoo vya vigae, vya kukalia, ukibonyeza maji yanashuka yenyewe. Kila mwanamke aliyetoka kanisani nilimpitisha akaone. "Bonyeza," namwambia. "Usiogope, haking'ati."

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alibonyeza akasikiliza mpaka maji yakatulia. Akauliza, "Sasa yanakwenda wapi?"

Nikamjibu, "Yanakwenda huko."

Huko ni shimoni. Fundi alitaka kulichimba nyuma ya nyumba, penye nafasi. Lakini nyuma ya nyumba amelala mume wangu, na baba yake, na mama yake. Sisi wafu wetu hatuwapeleki mbali, tunawazika kihambani, katikati ya migomba waliyoipanda wenyewe. Nikamwuliza fundi, "Kwenu mnawamwagia baba zenu mavi?" Wifi naye akadakia, "Kaka yangu halali chini ya choo. Chimba upande ule."

Upande ule unapita mfongo. Ni mtaro wa maji waliouchimba mababu kwa vijiti na jasho, kutoka mtoni huko juu msituni. Unakatiza kihamba changu, unashuka kwa wifi, halafu unaendelea kwa wengine. Zamani mwanamke akifua nepi kwenye mfongo alitozwa mbege, pombe yetu ya ndizi, wazee wakainywa mbele yake huku wakimsema. Fundi akachimba hatua chache tu kutoka kwenye maji, na sote tukaridhika. Wafu wetu walikuwa salama.

Kwa muda mrefu shimo lilikaa kimya. Mimi ni bibi mmoja, nitajaza nini? Halafu ikaja Krismasi. Krismasi watu wa kwetu wanarudi nyumbani hata kama wako mwisho wa dunia. Mwanangu akaja na mkewe, watoto, wakwe zake wa Dar na ndugu za wakwe. Magari yakajaa uani. Vyoo havikupumzika. Kutwa nzima unasikia shwaa, shwaa, na mvua nayo inanyesha juu yake. Bomba la kijiji lilikuwa limepasuka, lakini mwanangu ana tenki juu ya mnara. Wifi hana tenki. Wifi ana ndoo na mfongo.

Asubuhi ya mkesha nilikwenda kumkatia ng'ombe majani. Pale penye shimo ardhi ilikuwa inadidimia chini ya mguu, inanuka, na kando ya mfongo uji mweusi ulikuwa unachuruzika majini. Kipande cha karatasi ya chooni kilikuwa kimenasa kwenye jani, kinacheza na maji. Nikaona kikijinasua, kikashuka kwa wifi.

Wifi analea mjukuu. Mama wa mtoto alifariki akijifungua, kwa hiyo mtoto anakunywa chupa, maziwa ya ng'ombe wangu. Nilikimbia na mundu mkononi kama mwizi.

Nilimkuta amempakata. Mtoto halii. Macho yameingia ndani, utosi umebonyea.

"Meno hayo," wifi akasema. "Anaharisha tangu jana."

"Siyo meno. Maji unachemsha?"

"Nachemsha! Mimi mtoto mdogo? Chupa tu ndiyo nasuuza kwa ya ndoo."

"Wifi, ndoo hiyo ina mavi yetu."

Aliimwaga ndoo mlangoni. Afadhali angenitukana. Tukaita bodaboda, akapanda na mtoto kifuani, wakashuka kwenye utelezi kuelekea hospitali ya Moshi.

Nikarudi kwangu. Mwanangu alikuwa kwenye simu.

"Mama, gari la kunyonya choo haliwezi kupanda huku na tope hili. Mpaka baada ya sikukuu."

"Basi funga vyoo. Watu waende kile cha zamani."

"Mama mkwe wangu aende kwenye magogo?"

"Mimi nimekwenda humo miaka yote, na magogo hayajanimeza."

Akashusha sauti. "Mama, tafadhali. Unaniaibisha mbele ya wakwe."

Ndani, shwaa.

Sikubishana tena. Nilichukua jembe na panga, nikaangusha mgomba, nikaukata vipande. Chini kidogo ya shimo, kabla maji hayajavuka mpaka kwenda kwa wifi, nililaza vile vigogo na kuvishindilia tope kwa miguu, kama tulivyofundishwa kugeuza maji tukiwa wasichana. Yakasitasita, yakapanda, halafu yakageukia uani kwangu, kwenye magari.

Mzee anayesimamia mfongo alikuja anahema. "Mama, mfongo haufungwi bila kikao! Utatoa mbege wewe."

"Nitatoa. Njoo na pipa. Kwanza sogea hapa unuse."

Akasogea. Akavua kofia. "Usifungue," akasema. "Mungu wangu, usifungue." Akaondoka kwenda kuwaambia wa chini wasichote, na ng'ombe wao nao hawana maji mengine.

Mchana wifi alimwacha mtoto kwa wauguzi, akarudi kwake kuchukua nguo zake. Nilikuwa nimeshakata isale, lile jani refu tunalolipanda mipakani na makaburini, nimelifunga fundo. Kwetu anayeletewa isale hana namna ila kusamehe, hata kama ameuliwa ndugu. Nikamfuata kwake, nikamnyooshea kwa mikono yote miwili.

Wifi akaficha mikono nyuma.

"Usinipe. Ukinipa itabidi nikusamehe, na mtoto yuko kwenye dripu, hajafungua macho."

"Wifi, nakuomba."

"Na mimi nilisema achimbe pale. Mimi nitampelekea nani isale?" Akajifuta kwa khanga. "Ameharishia kila kitu. Hata maji ya kufulia sina, wifi. Umeyafunga."

Nikachukua madumu yake mpaka kwenye mnara, nikafungua koki ya chini ya tenki la mwanangu. Nikajaza la kwanza, nikajaza la pili, na koki sikuifunga. Niliyaacha yamwagike mpaka ya mwisho, mwanangu amesimama mlangoni ananitazama. Ndani mtu akabonyeza. Akabonyeza tena. Kimya.

Wageni waliondoka siku ile ile, viatu mkononi.

Mtoto bado yuko wodini. Amefungua macho, lakini chupa anaikataa, na daktari hataki kuniambia neno la kushika. Kila asubuhi nashuka Moshi na uji wa wifi kwenye chupa ya chai, na isale nimelifunga kwenye upindo wa khanga. Wifi uji anaupokea. Nikigusa upindo, anaficha mikono.