Magamba ya Kambare

Nikisikia harufu ya kambare akikaangwa, mdomo hunikunjika kwa dharau, wala si kwa ajili ya samaki. Baba alikuwa mzee wa kanisa la Sabato, na kila Jumamosi alitufundisha kwamba samaki asiye na magamba, kama kambare, ni najisi. Siku ya soko alinipeleka soko la Suneka kwa mama muuza samaki, tukamkuta akifyonza kichwa cha kambare kwa raha zake. Alipomwona baba, alichota magamba aliyokuwa ameparua kwenye ngege, samaki mwenye magamba, akamnyunyizia kambare mbichi mwenye masharubu yanayoning'inia. Baba akabandua gamba moja, akanionyesha.

"Umeona? Huyu analiwa."

"Mzee, nikuongezee magamba?" mama yule akauliza, bado anafyonza.

Baba akamsogezea kikapu.