Kondoo Hashikwi Masikio

Kwenye basi la mtaa wa Sparkhill, mbele yangu, bibi mmoja Mkongomani na mjukuu wake walikuwa wakitazama simu: watoto wa Marekani wenye helmeti wakishindana kupanda kondoo.

"Huyu ataanguka," bibi akasema. "Asikamate masikio. Akamate manyoya ya shingo, alalie mugongo."

Mtoto akaanguka kweli.

"Koko, umejuaje?" mjukuu akauliza kwa Kiingereza.

"Nilikuwa naona kaka yangu."

"Lakini ulisema kwenu mlizaliwa wasichana watupu."

Bibi akabonyeza kengele, wakashuka. Basi lilipoondoka niliwaona bado kituoni, bibi ameinama, ngumi zake zimeshika manyoya yasiyoonekana, mjukuu akimwiga.

Kuhusu kondoo, bibi namwamini. Kuhusu kaka, hapana.