Levis, Hakimu wa Kaseti

Levis alisaga mahindi ya watu pale Rongo kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo yote hakuna filamu, wimbo wala katuni iliyopita mbele yake ikabaki na heshima. Ukipeleka gorogoro yako ya mahindi kwenye mashine yake ulirudi na vitu viwili, unga na maoni. Maoni hukuyaomba, lakini utafanyaje na unga wako uko mikononi mwake?

Filamu za Kihindi, kwa maoni yake, zilikuwa ndefu kwa sababu mtu akipigwa risasi lazima aimbe kwanza, amuage mama yake, amuage na ng'ombe, ndipo afe. Za Kichina alizipenda mpaka pale watu walipoacha kupigana wakaanza kuzungumza. Za Kimarekani zilimchekesha: bunduki moja, risasi haziishi, na maadui mia hawajui kulenga. Katuni alizitazama kwenye televisheni ya hoteli ya jirani, mikono ikiwa imejaa unga, uso umekunjamana kama anasikiliza kesi. "Mnyama anaangukiwa na jiwe, analala kama chapati, halafu anaamka anakimbia," alisema. "Mtoto wako akimwangushia mwenzake jiwe, usiniulize alifunzwa na nani."

Kwenye muziki ndiko alikokuwa mbaya zaidi. Benga ilikuwa tamu, alisema, ila mwimbaji akianza kuwataja wenye maduka mmoja mmoja, huo si wimbo tena, ni harambee. Watu wa rege walilia njaa kaseti nzima na hakuna hata mmoja aliyeshika jembe. Na kwaya za kanisa? Sauti nne, tatu zimepotea njia.

Aliyasema haya kwa kupiga kelele, kwa maana mashine ilinguruma kutwa, na baada ya muda hata ikizimwa alizungumza vilevile. Nasi tulicheka. Siku Okari, kijana mpiga gita wa hapo kwetu, alipoleta kaseti yake ya kwanza, akiwa amevaa shati la arusi, Levis aliitia kwenye redio yake, akaisikiliza nusu wimbo, akaichomoa, akampa. "Gita yako ni nzuri, omera, ndugu yangu. Sasa tafuta mtu wa kuimba." Foleni nzima iliangua kicheko. Okari aliinamisha kichwa akaondoka, na sijamsikia tena akiimba popote. Siku hiyo Levis alisaga akiwa na furaha mpaka jioni.

Aliyemjibu alikuwa mmoja tu, Dorine, fundi cherehani wa sokoni, msichana wa Kisabato kutoka upande wa Oyugis. "Na wewe ungeimba nini?" alimwuliza mbele ya watu. "Unga?" Levis alizima mashine akamtazama, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Tangu hapo alimtaka Dorine kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote duniani. Levis alikuwa na miaka thelathini na sita, mama yake alikuwa mzee, na wanawake wawili walishamkimbia kwa sababu ya mdomo huohuo. Huyu wa tatu akimkosa, alijua hakuna wa nne. Mwaka wa tisini na sita Dorine alikubali, akamwambia aende kwao aonekane.

Kwetu mchumba akienda ukweni mara ya kwanza hana kazi ya kuzungumza. Anayezungumza ni jagam, yaani mjumbe wa posa, na jagam nilikuwa mimi. Nilimwambia njia nzima: "Levis, kazi yako ni kukaa. Ukiulizwa jina, taja. Zaidi ya hapo niachie."

"Kwani mimi ni mtoto, Wesley?"

Mtoto angekuwa afadhali.

Tulipokewa vizuri mno. Baba yake Dorine, mzee Elijah, alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache na viatu vilivyong'aa. Mkewe alishafariki, hilo tulilijua. Shangazi Mourine alituletea maziwa moto, maana nyumba ile ya Kisabato haikunywa chai. Niliyasema ya kusema, yakapokewa. Dorine alipita na sahani akiwa ameinamisha macho, lakini alikuwa anatabasamu. Nikaona mambo yamekwisha, bado ng'ombe wa mahari tu.

Hapo mzee akavuta redio kaseti iliyofunikwa kitambaa cheupe. "Kabla ya chakula," akasema, "huwa tunawasikilizisha wageni kitu." Akabonyeza.

Ilikuwa kwaya. Mwanamke mmoja alianza peke yake, wenzake wakaitikia. Nilimwona Levis ameinamisha kichwa kwa namna ninayoijua, nikamkanyaga mguu. Alinielewa vibaya. Alidhani namwuliza maoni yake.

Akaniinamia sikioni kuninong'oneza. Lakini mtu aliyekaa na mashine miaka yote hiyo hajui tena kunong'ona. "Omera, huyo mama wa mbele ndiye anaharibu," akasema, na shangazi kule jikoni akaacha kupakua. "Anaimba kama mtu amebebeshwa gunia na hakuna wa kumtua. Sikia hapo. Hata pumzi hana. Si wangemwacha nyumbani tu?"

Mzee Elijah aliizima redio. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha.

"Ni kweli," akasema. "Pumzi hakuwa nayo. Alikuwa mgonjwa wa kifua. Tulimwambia abaki nyumbani, akakataa, akasema anataka kuacha sauti. Wiki iliyofuata tulimlaza hospitali ya Homa Bay, na hakurudi." Akapangusa redio kwa kile kitambaa. "Huyo ni mama yake Dorine. Nilitaka na yeye akuone."

Nimemwona Levis amekatwa kidole na mkanda wa mashine, lakini uso ule sikuwa nimeuona. Na ubaya ni kwamba alikuwa amesema kweli. Mama yule aliimba vibaya. Ningekuwa na neno la kumtetea mwenzangu ningelitumia, ila sikuwa nalo, na sikulitafuta sana.

"Mzee, nisamehe," Levis akasema. "Sikujua."

"Wewe unajua nyimbo. Nimeambiwa Rongo nzima inakungoja useme." Mzee akabonyeza tena. Wimbo wa pili. Tukausikiliza wote mpaka mwisho, ile sauti ikipanda na kukatika, kikohozi kimoja kikisikika katikati. "Na huu?"

"Mzuri, mzee."

"Mzuri namna gani?"

Levis alifungua mdomo. "Mzuri tu," akasema.

Basi mzee akaweka wa tatu. Akaweka wa nne. Akageuza kaseti upande wa pili. Kila wimbo ukiisha aliuliza kwa upole uleule, kama mwalimu asiye na haraka, na Levis akajibu mzuri, mzee, mzuri sana, jasho likimtoka. Chakula kililetwa katikati ya haya yote. Kuku alikuwa mnono. Mimi nilikula. Levis alishika kipande cha ugali mkononi mpaka kikapoa, na hakuna aliyemhimiza.

Dorine alitusindikiza hadi kwenye ua. Alikuwa amelia, lakini alishamaliza.

"Dorine, hukuniambia kuhusu hiyo kaseti," Levis akasema.

"Nilikuambia. Pale pale mashineni nilikuambia mama aliimba hata akiwa mgonjwa, akarekodiwa. Ulikuwa unaeleza filamu."

Levis akanyoosha mkono. Dorine hakuupokea. Akanigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mjumbe, akazungumza kana kwamba mwenzangu hayupo.

"Shemeji Wesley, mwambie asirudi. Mwambie tulikuwa na kitu kimoja tu cha mama, hiyo kaseti. Leo amesema huku inacheza, na mimi kuanzia leo nikiiweka nitamsikia yeye, si mama."

Akarudi ndani. Levis alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwangu. Nikamwambia, neno kwa neno, jinsi nilivyotumwa.