Dawa ya Kumchelewesha Mama

Miaka ile nilikuwa siipendi rangi ya manjano. Maabara yetu ya Nizwa ilikuwa chumba kimoja chenye kiyoyozi kilichonguruma zaidi kuliko kilivyopoza, na kazi yangu ilikuwa kuchemsha majani ya mlimani, kuyachuja, na kuyajaribu juu ya kimeng'enya kimoja tu. Kimeng'enya hicho huivunja kemikali inayopeleka habari ndani ya ubongo. Kwa mtu mzima mwenye afya hakuna neno. Kwa mzee ambaye kemikali yenyewe imeshampungukia, kila kinachovunjwa ni hasara. Tulitafuta kitu cha kukizuia. Maji ya jaribio yakigeuka manjano, kimeng'enya bado kinafanya kazi na majani yangu hayafai kitu. Yaligeuka kila siku, nami nilitoka pale nimenuna.

Kila Jumatano mchana, maana mapumziko ya wiki Oman wakati ule yalikuwa Alhamisi na Ijumaa, nilishika njia ya Ibra, roho juu, kwenda kwa kaka yangu mkubwa alikokaa Mama. Mama alikuwa ameanza kuniuliza baba atarudi lini, na baba alifariki zamani, mimi bado msichana. Dawa ya kuzuia kimeng'enya kilekile ilikuwa imeshafika Maskati, lakini humfaa zaidi anayewahiwa mapema. Kaka hakutaka kusikia.

"Mama mzima, wallahi," alisema. "Mwamkie uone."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Watu wa Nizwa hawajambo? Njiani salama?"

Kiunguja safi, kila neno mahali pake. Kaka akanitazama kama aliyeshinda kesi. "Maabara imekuingia kichwani weye. Kila mtu kwako mgonjwa."

Nilitamani kumrushia mto. Salamu hizo Mama alizijua tangu utotoni Unguja. Mdomo ulikwenda wenyewe. Mimi nilizihesabu siku, kaka alihesabu salamu.

Ijumaa moja, baada ya alasiri, tulikaa kunywa kahawa. Mke wa kaka, mzaliwa wa Ibra, alisimama na dele la kahawa mkononi. Huku anayemimina haulizi. Humimina mpaka uitikise finjani yako, ndipo ajue umetosheka. Mama siku zote alikuwa akiitikisa yake kwa madaha, utadhani amevaa bangili mpya. Siku ile alikunywa, akanyoosha mkono. Akamiminiwa. Akanywa, akanyoosha tena. Mke wa kaka aliendelea kumimina, maana kumkatia mkwe kahawa ni aibu kubwa, lakini macho yake yalikuwa kwa mumewe. Uso wake ulikuwa na wasiwasi. Alijua kuna jambo tunalolingojea kwake, asijue ni lipi.

Kaka akainuka, akapiga magoti mbele yake, akaichukua finjani polepole na kuitikisa yeye.

"Khalas, Mama. Imetosha."

"Imetosha?" Mama aliuliza, na sauti yake ilijaa shukrani.

Kaka hakuimaliza kahawa yake. Aliniuliza jina la daktari, na Jumamosi asubuhi tulikuwa garini kwenda Maskati, Mama amelala kiti cha nyuma. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilikuwa nikiwalaani madereva wote waliotutangulia, kana kwamba wao ndio waliotuchelewesha.

"Hii dawa itamponya?" kaka aliuliza kwa sauti ya chini.

"Haiponyi. Itamzuia kidogo asiende haraka."

Kaka akaushika usukani kwa mikono miwili. Wiki ile ile, kwa mara ya kwanza, maji yangu hayakubadilika rangi, na nilikuwa sijamwambia mtu. Nikamwambia yeye. Akageuka kunitazama mpaka nikaogopa, nikamwambia aangalie njia.

"Basi tumpe hiyo yako!"

Nikamweleza kwamba yale bado ni majani. Yatasafishwa, yajaribiwe kwa panya, kisha kwa watu wazima wenye afya, na hayo yote ni miaka, na pengine yasifike popote.

"Lakini ikifika?"

Nilimtazama Mama kwenye kioo.

"Ikifika," nikasema, "itakuwa ya mama wa mtu mwingine."