Kioo cha Nyayo

Kila asubuhi, kabla chai haijamiminwa, mama mkwe alivuta kioo cha kupimishia wateja nguo, akakilaza sakafuni, kisha akanyanyua nyayo juu yake, mmoja baada ya mwingine. Alikuwa fundi cherehani mwenye kisukari, na sakafu ya fundi haikosi pini. Miguu ilikuwa imeanza kufa ganzi. Pini ingeweza kumwingia asijue. Macho nayo yalikuwa na ukungu. Alihitaji mtu wa kumtazamia, na tangu mwanawe wa pekee alipooa, mtu huyo alikuwa mkaza mwana.

"Inama vizuri. Unakagua nyayo au unazisalimia?"

"Ni zilezile za jana, mama."

"Na mdomo ni uleule."

Mkaza mwana hakumpenda, wala hakulificha hilo. Sukari ilifukuzwa jikoni wiki ya harusi yake. Mafuta yalipimwa kwa kijiko. Jioni wote watatu walitembea hadi darajani na kurudi, mama mkwe mbele, mume katikati, yeye nyuma akiburuta ndala, huku majirani wakiuliza kama wamefukuzwa na mwenye nyumba.

"Ugonjwa wake, kifungo chetu," alimnong'oneza mumewe. Mume, mtu wa kukwepa vita, aliinama akafunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Siku moja mama mkwe alikuta chupa ya soda chini ya kitanda chao. Aliimwaga uani. Kesho yake kioo kilipolazwa, mkaza mwana aliendelea kufagia.

"Jitazamie mwenyewe."

Siku ya tatu soksi ilinata. Walipoibandua, pini ilikuwa imezama hadi kichwani, na unyayo umeanza kuoza.

"Nilikanyaga pini," mama mkwe alimwambia mwanawe. Basi. Hakusema zaidi. Mkaza mwana alisubiri kushtakiwa siku nzima, na ule ukimya ulimchoma kuliko matusi yote aliyowahi kutupiwa.

Muuguzi wa zahanati hakupaka maneno asali: kidonda kisafishwe kila siku, la sivyo mguu utakatwa. Lakini chumba cha vidonda kilikuwa na kufuli. Ndani mwenyekiti wa kamati ya afya ya mtaa alikuwa amerundika viti vyake vya plastiki, vile alivyokodisha kwenye sherehe. Muuguzi alifungia watu vidonda barazani, kwenye vumbi.

Mkutano wa mtaa ulipoitishwa, mama mkwe alikwenda kwa magongo, mwanawe na mkaza mwana nyuma yake. Alipopewa nafasi alifungua bendeji, akaweka mguu juu ya meza ya mwenyekiti, kando ya chupa yake ya maji.

"Nusa."

Watu waliguna. Mwenyekiti alisogeza chupa.

"Bibi, tusilaumu zahanati. Una watu nyumbani. Walikuwa wapi pini ikikaa humo hadi nyama ikaoza?"

Ukumbi ulicheka. Mkaza mwana alimwona mama mkwe akiinama na kuanza kuufunga tena mguu wake. Angeweza kumtaja. Hakumtaja.

Mkaza mwana akasimama.

"Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyekataa kumtazamia, kwa ajili ya soda." Akamgeukia mwenyekiti. "Haya, langu nimelisema mbele ya mume wangu. Na wewe sema lako. Vile viti kwenye chumba cha vidonda ni vya nani?"

Ukumbi mzima ulimgeukia mwenyekiti. Jioni ileile watu walivitoa viti wenyewe, vinne vinne.

Kidonda kilifunga baada ya miezi minne. Mama mkwe aliingia kwenye kamati, akamkalia mwenyekiti kooni miaka tisa. Hakumsamehe mkaza mwana kwa mdomo, naye hakuomba. Waliendelea kuumana kila asubuhi juu ya kioo, na kila jioni wakaenda darajani.

Moyo ndio uliomchukua, akiwa na miguu yake yote miwili. Asubuhi ya mwisho, ukaguzi ulipokwisha, alizuia kioo kisiondolewe.

"Sasa zako."

"Mimi siumwi, mama."

"Nilikuuliza?"

Mkaza mwana alinyanyua nyayo. Mama mkwe hakuweza kuona kitu kiooni, kwa hiyo alizipapasa kwa vidole vyake vigumu vya ushoni, taratibu, kisigino hadi kidole cha mwisho, kisha akazisukuma mbali.

"Chafu," alisema. "Lakini nzima. Haya, nitokee hapa."